Mfuko Usiotikiswa

Mwanamke huyu hakuwa na simile. Dukani walimwita Bi Kipimo, na msidhani walikuwa wanamsifu. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Mteja akileta kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, alikitazama mara moja tu, akadondosha nyeusi matone mawili, manjano matone saba, akalifunga kopo kwenye mashine ya kutikisa, na rangi ikatoka ile ile. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemrudishia kopo. Lakini ole wako umwombe maoni. Ukimuuliza kama rangi uliyochagua itapendeza sebuleni, atakwambia macho makavu kwamba inafanana na ufizi wa mgonjwa, na utalipa ukiwa umenuna. Bibi harusi mmoja aliambiwa siku ya harusi yenyewe kwamba gauni limembana. Mwenye duka aliambiwa mbele ya wateja kwamba brashi zake zinanyonyoka. Na hakuwa anatunga, maana brashi zilikuwa zinanyonyoka kweli.

Mtu ambaye hakupatana naye hata kwa dawa alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake.

Huyo mdogo wake alikuwa kinyozi. Kinyozi wa maneno mengi, kiti chake hakipoi, watu wanakuja kunyolewa hata nywele hazijaota ili mradi wamsikie. Kisha asubuhi moja, miaka mitatu nyuma, aliizima mashine katikati ya kichwa cha mteja, akaketi kwenye benchi, akasema hawezi tena. Mteja akaenda zake na nywele nusu. Mtaa ulicheka wiki nzima. Yeye akaingia kitandani, na akitoka ni kwenda msalani tu. Hospitali walisema ni sonona. Akapewa vidonge aina ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne, vyote vikampa usingizi na mdomo mkavu, basi.

"Sonona, sonona!" Bi Kipimo alisema. "Mtu ana mke anayepiga pasi nguo za watu kutwa nzima ili yeye ale, ataamkia nini? Anadeka huyo."

Maneno hayo yalimfikia wifi bila kupitia kwa mtu, kwa sababu aliambiwa yeye mwenyewe, uso kwa uso, mbele ya wateja wa dobi aliyemwajiri. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili walipelekeana salamu kwa midomo ya watu, nazo zilikuwa chache.

Wifi ndiye aliyesikia habari za utafiti. Hospitali kubwa ilikuwa inatafuta wagonjwa wa sonona iliyoshindikana kwa vidonge, iwajaribie matibabu ya seli shina. Alimwandikisha mumewe, akampeleka kupimwa damu mara tatu, akimvuta kitandani kama mtu anavyovuta godoro. Siku yenyewe ya kuwekewa seli ilipofika, dobi akamnyima ruhusa, na hospitali ilitaka ndugu mtu mzima akae na mgonjwa mpaka mwisho. Wifi akameza kiburi, akampigia simu Bi Kipimo.

"Nakuomba kwa ajili yake, si kwa ajili yangu," alisema.

"Nami nitaenda kwa ajili yake," Bi Kipimo akamjibu. "Kwa ajili yako nisingevuka hata barabara."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, na Bi Kipimo hakuwa na imani na watu wapole. Aliwakalisha kwenye chumba chenye kitanda kimoja, akaeleza taratibu. Seli shina, alisema, ni seli changa ambazo bado hazijashika kazi moja mwilini. Hizi zilitolewa kwenye uboho wa watu waliojitolea, zikakuzwa maabara, zikagandishwa mpaka zitakapohitajika. Kuna wagonjwa wa sonona ambao miili yao iko vitani wakati wote, inapigana na kidonda kisichokuwepo. Huenda seli hizi zikautuliza mwili, na mwili ukitulia, huenda na akili ikapata nafuu.

"Huenda ya kwanza, huenda ya pili," Bi Kipimo alisema. "Dukani kwetu huwezi kuuza rangi kwa huenda."

"Ndiyo maana tunauita utafiti, mama. Na nusu ya wagonjwa hawapewi seli. Wanapewa majimaji yale yale, ila hayana kitu."

"Ala! Yaani mnamtoboa ndugu yangu mshipa halafu mnamtilia maji ya chumvi?"

"Inawezekana. Mimi sijui, muuguzi hajui, mgonjwa hajui. Wanajua maabara peke yao. Mtu akijua amepewa nini, kule kujua tu kunaweza kumpandisha au kumshusha, tukashindwa kupima. Ndugu yako ameelezwa yote haya na ameweka sahihi."

Kinyozi alikuwa anatazama sakafu. "Nimekubali, dada," alisema. "Acha watu wafanye kazi yao."

Mfuko ukaletwa umevikwa gunia dogo la kitambaa cheusi ili kilichomo kisionekane. Daktari akaeleza kwamba seli huzama chini zikiachwa, kwa hiyo muuguzi angeutikisa mfuko polepole kila baada ya dakika tano. Mifuko yote hutikiswa, yenye seli na isiyo nazo, ili mtu asibahatishe kilichomo. Kisha akatoka. Katika maelezo yote ya asubuhi ile, hilo la kuzama chini ndilo Bi Kipimo alilolielewa bila kuuliza swali. Mambo yanayozama yalikuwa kazi yake.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alitundika mfuko, akaunganisha mrija na mshipa wa mgonjwa, na Bi Kipimo akaanza naye hapo hapo.

"Mbona hukunawa baada ya kushika mlango?"

"Nimenawa, mama."

"Sikukuona. Na hiyo kasi si kubwa? Mishipa ya huyu ni midogo tangu utotoni."

"Kasi imepangwa na daktari."

"Yule daktari wa huenda? Haya. Na hiki kiti mlichonipa kina mguu mfupi. Kama kiti kimewashinda, seli mtaziweza?"

Muuguzi akageuka, akashika kiuno. Alisema yuko kwenye kazi hiyo tangu wengine wakiwa shule ya msingi. Bi Kipimo akasema hata brashi za duka lao ni za siku nyingi na zinanyonyoka. Muuguzi akasema kuna ndugu wanaoleta mgonjwa na kuna ndugu wanaoleta ugonjwa. Bi Kipimo akauliza hiyo amemwambia nani. Mgonjwa alifumba macho, akageuzia uso ukutani. Walivutana hivyo nusu saa nzima, na katika kuvutana kwao Bi Kipimo hakuacha kuitazama saa ya ukutani. Dakika tano zilipita, kumi, ishirini. Mkono wa muuguzi haukugusa mfuko hata mara moja. Mfuko ulipokwisha, Bi Kipimo alinyamaza ghafla, hata muuguzi akamwangalia kwa wasiwasi.

Njiani kurudi alikuwa ameshapiga hesabu. Dukani hakuna mwehu anayemimina rangi bila kulitikisa kopo kwanza, hata mtu aliyeajiriwa jana anajua. Lakini mafuta ya taa ya kuoshea brashi hakuna anayeyatikisa, unamimina tu, maana hayana kinachozama. Yule mama hakutikisa kwa sababu alijua hakuna cha kutikisa. Siri zao zote za kitambaa cheusi, na muuguzi anajua! Ndugu yake alikuwa ametiliwa maji. Bi Kipimo aliona jambo hilo wazi kabisa, na hasira zikampanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Angemwambia jioni ile ile. Alifika mpaka nyumbani kwao na maneno yako kwenye ncha ya ulimi. Lakini mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kiti badala ya kulala, akamuuliza, "Dada, umekula?" Miaka mitatu hakuwahi kumuuliza mtu yeyote swali kama hilo. Bi Kipimo akasema amekula, akaaga, akaondoka na maneno yake.

Wiki ya pili kinyozi alioga bila kuambiwa. Wiki ya tatu aliomba redio. Wiki ya nne alitoa mkasi kwenye sanduku, akaunoa, akawanyoa watoto wa jirani huku akiwatania kwamba vichwa vyao vina kona. Wiki ya tano alifungua duka lake Jumamosi, kwa saa tatu tu, na wateja wake wa zamani wakapanga foleni mpaka nje. Bi Kipimo alisimama ng'ambo ya barabara akitazama. Alilia pale pale, mwanamke mzima, na mkoba wake kifuani. Maji ya chumvi yamefanya hivi? Basi maji oyee. Alimpenda mdogo wake kuliko kitu chochote duniani, ingawa hakuwahi kupata njia ya kumwonyesha ila kumgombeza. Akaapa kwamba hili moja atalimeza.

Na alilimeza. Jamani, mpeni haki yake, majuma matano kwa mtu kama yule ni kazi ngumu. Alikuwa akiingia kwao anakaa dakika kumi anatoka, asije akaropoka. Daktari alikuwa amepanga kipimo cha pili cha matibabu Alhamisi ya wiki ya sita. Laiti Jumapili ya kabla yake wifi asingemwalika chakula.

Wifi alikuwa amepika kuku na wali, nyumba imefagiliwa, kinyozi amevaa shati lililopigwa pasi likanyooka. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka sahani zikaondolewa. Hapo wifi akaegemea kiti, akatabasamu tabasamu la mtu aliyesubiri miaka mitatu.

"Kumbe hakuwa mvivu," alisema. "Kumbe dawa ilikuwepo. Ila kuna watu walitaka afie kitandani, ili wao waonekane walisema kweli."

"Mke wangu," kinyozi alisema, "yaishe."

"Yaishe vipi? Mimi nimeitwa mjinga mbele ya wateja! Nimeambiwa nalea jitu zima! Nani alimtafutia hospitali? Nani alijaza zile fomu? Leo amepona kwa jasho langu na kwa zile seli, na kuna mtu hapa hajasema hata asante."

"Seli zipi?" Bi Kipimo alisema.

Alijisikia akilisema, na bado alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lakini wifi akacheka. Cheko lile ndilo lililomaliza.

"Seli zipi, wewe? Ametiliwa maji ya chumvi! Nilikuwepo, wewe ulikuwa kwa dobi. Ule mfuko haukutikiswa hata mara moja, nusu saa nzima, na daktari alisema kwa kinywa chake seli zinazama. Muuguzi alijua ni maji, ndiyo maana hakujisumbua. Mumeo hana seli hata moja mwilini. Mnashangilia maji!"

Wifi aligeuka kumtazama mumewe, na Bi Kipimo naye akageuka. Kinyozi hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Aliweka mikono mezani, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nilijihisi mzima," alisema taratibu. "Kumbe nilikuwa najidanganya."

"Mdogo wangu, si unaona umepona? Maji au si maji, si umepona?"

"Hapana, dada. Kama hakuna kilichobadilika ndani, basi niko vile vile. Nilikuwa naigiza tu, bila kujua." Akasimama, akaingia chumbani.

Jumatatu hakuamka. Jumanne hakula, akamwambia mkewe kwamba kukicha na kusipokucha kwake ni sawa. Wifi alikusanya nyembe na mikasi yote, akampelekea jirani amwekee, kisha akapiga simu hospitali akilia. Jumatano mchana daktari aliwaita ndugu, na wanawake hao wawili walikaa mbele ya meza yake bila kutazamana.

Upole wa daktari ulikuwa umekwisha. "Nimelazimika kufungua siri ya mgonjwa huyu," alisema, "kwa sababu yuko hatarini. Kwenye hesabu za utafiti hayumo tena, ameshaharibika kwetu. Nataka mjue kilichoharibika ni nini." Akaisukuma karatasi mezani. "Mfuko wake ulikuwa na seli."

"Haukutikiswa," Bi Kipimo alisema.

"Haukutikiswa, kweli. Nimemuuliza muuguzi, na amekiri kwa maandishi. Alisahau, kwa sababu kuna mtu alimkalia kooni nusu saa nzima akimgombeza kwa mguu wa kiti. Siku ile ile maabara walipima kilichobaki kwenye mfuko: kidogo sana. Karibu zote ziliingia. Zile si rangi, mama, hazigandi chini kwa nusu saa."

"Kwa hiyo zilimponya?" wifi aliuliza.

"Sijui. Mtu mmoja hanipi jibu, na mtu huyu sasa hatanipa jibu lolote. Ninachojua ni kwamba alikuwa anapata nafuu na sasa hana." Daktari akavua miwani. "Kamati imeruhusu apewe kipimo cha pili kesho, akitaka mwenyewe. Tunaanza kuyeyusha saa tatu asubuhi. Zikishayeyuka hazigandishwi tena, zinatupwa. Kwa hiyo tutapiga simu kwanza. Mleteni, na leo hii mhakikishe haachwi peke yake."

Nje ya geti la hospitali wifi akamgeukia Bi Kipimo. "Wewe ndiye uliyemlaza," alisema. "Wewe ndiye utakayemwamsha. Mimi hanisikilizi."

Alhamisi saa mbili asubuhi Bi Kipimo alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mdogo wake. Chumba kilikuwa na hewa nzito ya shuka za siku nne. Alishika ile karatasi ya daktari kwa mikono miwili.

"Ulikuwa na seli," alisema. "Soma. Kuna namba yako, kuna muhuri. Nilikosea mimi. Muuguzi alisahau kwa sababu ya mdomo wangu. Mimi ni mjinga wa rangi, najua nini kuhusu hospitali?"

Kinyozi aliitazama karatasi bila kuishika. "Dada, tangu nikufahamu, umewahi kusema umekosea?"

Bi Kipimo akaisogeza karatasi karibu na uso wake.

"Mara moja tu, na ni leo," akaendelea, bila ubaya, kama anamhurumia. "Asubuhi ile ile wanayotaka nitoke kitandani. Wamekufundisha la kusema na karatasi wakakuandikia. Sikulaumu, umefanya hivi kwa kunipenda. Lakini kudanganya hujui, sauti inakutetemeka."

"Inatetemeka kwa sababu naogopa!"

"Jumapili ulipokuwa unasema kweli hukuogopa."

"Haikuwa kweli! Niite mwongo. Nakuomba, mdogo wangu, sema dada yangu ni mwongo, halafu uvae viatu twende!"

"Nimekuamini maisha yangu yote," alisema. "Ulipokuwa unaniambia nadeka, nilikuamini hata hilo." Akavuta shuka, akageukia ukutani.

Alimtikisa bega. Alimwita kwa jina la utotoni. Alimtukana, akaomba msamaha, akamtukana tena, na mgongo ule haukusogea. Simu ikalia sebuleni. Wifi akatokea mlangoni akiwa nayo mkononi, macho mekundu, na sauti ya muuguzi ilikuwa inasikika ikiuliza kama waanze kuyeyusha.

Wifi alimtazama mumewe kitandani, kisha akaunyoosha mkono wenye simu kwa Bi Kipimo.

"Jibu wewe," alisema. "Si wewe ndiye unayesemaga kweli?"

Bi Kipimo akaipokea. Akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu, hata muuguzi akasema halo mara mbili.

"Haji," alisema.

"Basi, mama," muuguzi akajibu, na simu ikakatika. Wifi akaichukua simu yake, akamshika Bi Kipimo mkono akamtoa mpaka sebuleni, kisha akarudi chumbani kwa mumewe na kufunga mlango.